Diski Mpya, Mfumo wa Zamani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Kompyuta haitupwi kwa sababu tu diski yake kuu imekufa. Mwenye steshenari mjini Bunda, au shule iliyoko Butiama, huenda ana printa au programu ya hesabu inayokubali Windows XP au Windows 7 pekee. Diski ikiharibika, hufunga safari hadi Musoma kununua mpya. Fundi anapoanza kusakinisha mfumo ule wa zamani, yaani kupiga Windows, kompyuta hudai kwamba haioni diski, au kioo hugeuka buluu. Muuzaji humlaumu fundi. Fundi husema diski ni mbovu. Huenda wote wawili wamekosea. Katika somo hili tunaeleza chanzo, ili mlaji asilipe mara mbili.

Chanzo cha tatizo

Mfumo endeshi hutambua vifaa vilivyojulikana wakati ulipoundwa. Windows XP ilitoka mwaka 2001. Diski nyingi za leo zimekuja baadaye. Yapo mambo matatu ya kuangalia.

1. Muunganisho. Diski za SATA huweza kuwasiliana na kompyuta kwa utaratibu uitwao AHCI, ambao XP haina draiva yake. Kabla ya kuanza, fundi aingie kwenye BIOS na kubadili AHCI kuwa IDE, au aongeze draiva ya SATA wakati wa kusakinisha. Windows 7 huitambua AHCI, lakini diski za NVMe huhitaji kuongezewa draiva.

2. Ukubwa. XP ya awali, kabla ya Service Pack 1, haivuki gigabaiti 137. XP ya biti 32 haivuki takribani terabaiti 2. Anayenunua diski ya terabaiti 4 kwa ajili yake analipia nafasi asiyoweza kuitumia.

3. Sekta. Diski nyingi za sasa zina sekta za baiti 4,096 badala ya 512. XP huigawa diski pasipolingana na sekta hizo, na kazi huwa nzito. Dawa yake ni kuigawa kwanza kwa programu mpya zaidi.

Usalama

Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya usalama ya XP tarehe 8 Aprili 2014, na ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Tunashauri kompyuta hiyo isiunganishwe na intaneti, wala isitumiwe kwa shughuli za benki.

Haki na wajibu wako

Mweleze muuzaji aina ya kompyuta yako na mfumo unaokusudia kuuweka, kisha mwombe ayaandike maelezo hayo kwenye risiti. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyemjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia, akategemea ujuzi wake, ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Ukinyamaza, utajinyima hoja hiyo.

Dai risiti ya EFD na uitunze. Diski ya zamani usimwachie fundi: huenda kazi zako bado zinaweza kuokolewa, na mtu mwingine anaweza kuzisoma. Ukiona umepotoshwa na muuzaji akakataa kukusikiliza, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani (FCC), pamoja na risiti hiyo.