Istikhara ya Mwenye Duka

Mwenye duka dogo ataka kununua magunia 10 ya mchele kabla ya Ramadhani. Huhesabu usiku, huhesabu tena alfajiri. Kisha kila usiku huswali istikhara akingoja ndoto, hata wenziwe wakaumaliza mchele. Huo ni wasiwasi uliovaa kanzu ya ibada. Hadithi ya Jabir bin Abdillahi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari yataja rakaa 2 zisizo za faradhi, kisha dua; ndoto haikutajwa. Na katika Aali Imran, aya ya 159, mashauri yametangulia, ikafuata azma, kisha kutawakali. Basi na aulize bei, amtake shauri mjuzi wa soko, aswali, anunue. Likiwa na shari, dua yenyewe imekwisha kuomba aepushwe nalo. Na mtaji usipofika magunia 10, anunue 3.