Umbo la Lenzi na Urekebishaji wa Astigmatizimu

Mwanafunzi anayeona maandishi ya ubaoni yakiwa na vivuli huenda akadhaniwa mzembe, ilhali kasoro imo katika umbo la jicho lake. Makala haya yanadhamiria kueleza kasoro mojawapo ya aina hiyo, astigmatizimu, na jinsi inavyorekebishwa na umbo la lenzi mguso, yaani lenzi inayovaliwa juu ya jicho lenyewe.

Konea, utando angavu ulio mbele ya jicho, hufanya takriban thuluthi mbili za kazi ya kupinda miale ya nuru. Ikiwa imeviringana sawasawa kama mpira, miale huelekezwa kwenye nukta moja. Ikiwa imebinuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mithili ya mgongo wa kijiko, nukta hiyo haipatikani, na taswira huvurugika.

Lenzi ngumu haifuati umbo la konea. Hudumisha mviringo wake, na machozi hujaza nafasi iliyo katikati. Kwa kuwa machozi hupinda nuru karibu sawa na konea, kasoro ya uso wa konea hufifia, na uso wa lenzi huchukua nafasi yake.

Lenzi laini ya kawaida, kinyume chake, hulala juu ya konea na kuiga umbo lake; kwa hivyo kasoro husalia. Ndiyo maana ikabuniwa lenzi ya toriki, yenye nguvu tofauti katika pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Lenzi hii haipaswi kuzunguka. Aghalabu sehemu yake ya chini huwa nene kidogo, ili kope zinapopepesa ziirejeshe mahali pake. Ikizunguka nyuzi 10, takriban thuluthi moja ya urekebishaji hupotea. Ikifika nyuzi 30, faida yote hutoweka.

Hata hivyo, si kila astigmatizimu hutokana na konea. Mwaka wa 1801, Mwingereza Thomas Young alizima nguvu ya konea yake kwa kuweka maji kati yake na lenzi ndogo. Kasoro haikuondoka, naye akahitimisha kwamba chanzo chake ni lenzi iliyo ndani ya jicho. Kwa jicho la namna hiyo, lenzi ngumu yenye mviringo wa kawaida haitoshi.

Hivyo basi, hapana budi kupima konea na jicho zima kabla ya kuchagua lenzi. Anayenunua lenzi pasipo vipimo hununua umbo lililokusudiwa jicho la mtu mwingine.