Mashine Imefika, Mbona Haijaanza Kutibu?

Swali hili huulizwa karibu kila hospitali inapopokea mashine mpya ya tiba ya mionzi. Picha za makasha yakishushwa zimekwisha kuonekana kwenye televisheni, hotuba zimetolewa, na bado mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi, aliyepangiwa vipindi 25 vya mionzi, anaelezwa kuwa tarehe ya kuanza haijulikani. Muuguzi wa kliniki hana la kumwambia zaidi ya kwamba wataalamu wanapima. Wanapima nini, na kwa nini kupima kuchukue majuma, pengine miezi?

Mashine inayozungumzwa ni linaki, yaani mtambo wa kuongeza kasi ya chembe katika mstari ulionyooka. Asili yake si hospitali bali maabara za fizikia. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa linaki alilazwa chini yake London, katika hospitali ya Hammersmith, mwaka 1953. Ndani yake, elektroni hutolewa na kisukumwa kwa mawimbi ya redio ya masafa makubwa ndani ya bomba lisilo na hewa, hadi mwendo wake ukaribie ule wa mwanga. Hapo hugonga kipande cha metali nzito, na kutoka katika mgongano huo huzaliwa mionzi ya eksi ambayo kila fotoni yake ina nguvu karibu mara milioni kuliko ya mwanga wa macho. Umeme ukikatwa, mionzi hukoma papo hapo. Ndiyo tofauti yake kubwa na mashine ya kobalti, ambayo chanzo chake hutoa mionzi usiku na mchana. Ikumbukwe pia, kwa kuwa wagonjwa wengi huuliza, kwamba mtu aliyetibiwa kwa linaki habebi mionzi mwilini na anaweza kumpakata mwanawe jioni hiyo hiyo.

Kazi huanza muda mrefu kabla ya mashine, nayo huanza na zege. Kwa mionzi ya megavolti 6, unene wa sentimita 35 hivi za zege la kawaida huzuia sehemu tisa katika kila kumi za mionzi inayoingia. Sentimita 35 nyingine huzuia sehemu tisa za kumi ya ile iliyobaki. Ukuta unaotazamana na mwali ukiwa na unene wa mita 2 na sentimita 10, tabaka zimekuwa sita, na kinachopenya ni sehemu moja katika milioni. Hesabu hii ni nzuri kwenye karatasi. Katika eneo la ujenzi, zege likitoka jepesi kwa asilimia 5 tu kuliko lilivyokadiriwa, mionzi inayopenya huwa karibu maradufu. Umwagaji ukisimama jioni na kuendelea kesho yake, hubaki mshono ambao mionzi inaweza kuufuata. Mabomba ya nyaya na ya kiyoyozi hayapitishwi moja kwa moja ukutani. Hupindishwa, au hupitishwa mbali na njia ya mwali. Mkandarasi aliyezoea kujenga maghorofa mazuri huenda asielewe kwa nini anakatazwa kutoboa tundu dogo la soketi. Tundu hilo hilo linaweza kuilazimu hospitali kufunga ofisi ya jirani.

Ndiyo maana msimamizi wa sheria za mionzi, ambaye kwa Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki, huhusika tangu michoro na si siku ya ufunguzi.

Mashine ikishafungwa, mhandisi wa kiwanda humwonyesha mwanafizikia wa tiba kwamba inatimiza yaliyoandikwa katika mkataba: inazunguka pasipo kuyumba, taa za leza zinakutana mahali pamoja, mlango ukifunguliwa mionzi inakatika. Haya ni makabidhiano, nayo humalizika upesi. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo, kumbe makabidhiano huthibitisha tu kwamba hospitali imepata ilichonunua. Hayasemi mashine hii, katika chumba hiki, itaweka dozi gani katika kina gani cha mwili wa mtu.

Jibu la hilo hutafutwa ndani ya maji. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo tangi kubwa hujazwa na kuwekwa chini ya mashine, na kifaa kidogo kiitwacho chemba ya ayoni huburutwa ndani yake milimita kwa milimita, kikisoma dozi katika kila kina na kila upande. Kwa megavolti 6 na uwanja wa sentimita 10 kwa 10, dozi hufikia kilele kwenye kina cha sentimita 1.5 hivi, na kufikia kina cha sentimita 10 hubaki takribani theluthi mbili yake. Kazi hii hurudiwa kwa viwanja vidogo na vikubwa, kwa kila aina ya nguvu, na kwa vichujio vyote. Takwimu hizo ndizo zinazolishwa katika programu ya kupanga tiba, na kuanzia hapo kila mgonjwa atahesabiwa dozi kutokana nazo. Kosa likiingia hapa halimpati mgonjwa mmoja. Huwapata wote, kila siku, na mashine haitalia king'ora.

Kuna mtego mmoja unaolihusu eneo letu hasa. Chemba nyingi za ayoni ziko wazi kwa hewa, na usomaji wake hufuata wingi wa hewa iliyomo. Cheti chake huandikwa kwa kanieneo ya usawa wa bahari, kilopaskali 101.3. Dar es Salaam tofauti ni ndogo. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, kanieneo halisi ni karibu kilopaskali 83, kwa hiyo chemba husoma pungufu kwa karibu asilimia 18. Mtaalamu asiporekebisha, ataona mashine ni dhaifu na kuipandisha, na wagonjwa watapata dozi iliyozidi kwa zaidi ya asilimia 20. Hatari huongezeka akichukua takwimu ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, kwani mara nyingi hiyo huwa imekwisha kugeuzwa kuwa ya usawa wa bahari. Baromita iliyohakikiwa, ikiwa ndani ya chumba chenyewe, ni kifaa cha bei ndogo kisichostahili kukosekana.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 1988, huko Exeter nchini Uingereza, wagonjwa 207 walipewa dozi iliyozidi kwa karibu asilimia 25 baada ya chanzo kipya cha kobalti kupimwa vibaya. Toulouse, Ufaransa, kati ya 2006 na 2007, wagonjwa 145 walizidishiwa dozi kwa sababu viwanja vidogo sana vya mwali vilipimwa kwa kifaa kisichovifaa. Mashine zenyewe zilikuwa nzima. Hata watafiti wakubwa hawakwepi jambo hili: mtambo wa duara wa kilomita 27 ulio chini ya ardhi katika mpaka wa Uswisi na Ufaransa ulipitisha mwali wake wa kwanza Septemba 10, 2008, na siku tisa baadaye kiungio kimoja kibovu cha umeme kikausimamisha kwa zaidi ya mwaka. Tofauti ni kwamba kule kilichoumia ni sumaku.

Kwa sababu hiyo, anayepima hapaswi kuwa pia mhakiki wa pekee wa kipimo chake. Tangu 1969, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani hutuma kwa posta vidonge vidogo vya kupimia dozi. Hospitali huvipiga mionzi kwa dozi inayoamini kuwa ni sahihi na kuvirudisha vikasomwe. Tofauti ikizidi asilimia 5, uchunguzi hufuata. Hospitali yenye haraka hushawishika kuanza kutibu kabla jibu halijarudi. Foleni ya wagonjwa ni hoja yenye uzito, kwani uvimbe haungoji posta, lakini dozi iliyokwisha kuingia mwilini haiondolewi. Palipo na mashine nyingine inayofanya kazi, hata ya kobalti ya zamani, au hospitali nyingine ya kumpeleka mgonjwa, ni afadhali atibiwe huko kwa wakati kuliko kuharakisha hii.

Baada ya mgonjwa wa kwanza kupima huendelea. Kila asubuhi kabla ya kliniki dozi hukaguliwa, na ikitofautiana na ya msingi kwa zaidi ya asilimia 3, mwanafizikia huitwa na wagonjwa husubiri barazani. Muuguzi aliye nao hapo ana kazi mbili: kuwaeleza sababu ya kusubiri, na kutazama ngozi zao. Wagonjwa watatu wa juma moja wakivimba au kubabuka mapema kuliko ilivyotarajiwa, taarifa imfikie mwanafizikia siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kama vipimo vyote vya asubuhi vilikuwa sawa.