Uzito wa Picha Ndani ya Kompyuta

Picha ikiwa imelala katika diski ya kompyuta huonekana kuwa kitu chepesi. Faili la picha iliyopigwa kwa kamera ya nukta milioni 24 laweza kuwa na megabaiti 8 tu. Hata hivyo, mwanafunzi anayelifungua katika programu ya kurekebishia picha, akaongeza matabaka machache, akabadili rangi na kuandika maneno juu yake, huweza kuona kishale kikiganda na hatimaye programu ikijifunga ghafla, pamoja na kazi ya saa mbili ambayo haikuhifadhiwa. Lawama ya kwanza hupewa virusi. Ya pili hupewa uzee wa kompyuta, na shule huanza kutafuta fedha za kununua kumbukumbu zaidi. Pengine fedha hizo hupotea bure, na sababu yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu za kuzidisha.

Na ichukuliwe picha yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo. Katika diski, faili la aina ya JPEG limefinywa ili lichukue nafasi ndogo. Lakini programu haiwezi kupaka rangi juu ya picha iliyofinywa, kama vile fundi cherehani asivyoweza kukata kitambaa kingali ndani ya robota. Ni lazima kila nukta ikunjuliwe katika kumbukumbu. Nukta moja huhitaji baiti 3: moja ya wekundu, moja ya ukijani, moja ya ubuluu. Basi 6,000 × 4,000 × 3 ni baiti 72,000,000, yaani mara tisa ya faili lililoonekana katika diski. Iwapo kila rangi itapewa biti 16 badala ya 8, na nukta ikaongezewa kipimo cha uangavu, kila tabaka litachukua baiti 192,000,000. Matabaka kumi yaliyojaa yatafikia baiti 1,920,000,000.

Hesabu hiyo bado haijagusa kumbukumbu ya kutangulia. Programu ya Photoshop, iliyotolewa mwaka 1990, ilipata matabaka mwaka 1994, na orodha ya hatua zilizopita mwaka 1998. Orodha hiyo ni faraja kubwa kwa mtu anayekosea, lakini si ya bure: ili hatua iweze kutanguliwa, sehemu ya picha iliyobadilishwa lazima itunzwe jinsi ilivyokuwa kabla. Mtu akibadili mwanga wa picha nzima mara tano, ametunza karibu picha tano nyingine asizoziona.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kila baiti katika kumbukumbu hutambulishwa kwa anwani, na programu ya biti 32 ina anwani 2 kwa kipeo cha 32 tu, yaani 4,294,967,296. Katika Windows ya biti 32, nusu ya anwani hizo kwa kawaida huwekwa kando kwa ajili ya mfumo endeshi, na programu hubaki na 2,147,483,648. Matabaka kumi yaliyotajwa yamekwisha kuzimaliza karibu zote. Programu hiyo haitapata anwani mpya hata kompyuta ikiongezewa kumbukumbu ya gigabaiti 16. Photoshop ilianza kutumia biti 64 katika Windows mwaka 2008, na katika kompyuta za Macintosh mwaka 2010. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mwalimu atazame katika taarifa za mfumo kama mfumo endeshi ni wa biti 32 au 64, kisha aulize vivyo hivyo kuhusu programu yenyewe.

Tena nafasi yaweza kuwapo isifae. Basi laweza kuwa na viti vitano vitupu, lakini familia ya watu watano inayotaka kukaa pamoja isipate pa kukaa, kwa kuwa viti hivyo vimetawanyika. Programu inayoomba eneo moja refu la anwani hupatwa na shida iyo hiyo. Dawa yake ni kuikata picha katika vigae. Matoleo ya zamani ya GIMP, programu ambayo hupatikana bila malipo, yalitumia vigae vya nukta 64 kwa 64, na kila kigae kilikaa popote penye nafasi.

Kumbukumbu ikijaa, sehemu ya picha huhamishiwa kwenye diski. Kazi huendelea, ila kwa mwendo wa kobe. Kumbukumbu hujibu kwa muda wa takriban sehemu ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya kuzunguka huhitaji takriban sehemu ya mia ya sekunde, yaani mara 100,000 zaidi. Kama kumbukumbu ingejibu kwa sekunde moja, diski ingejibu baada ya saa 27 na zaidi. Mwanafunzi anayedhani kompyuta imekufa, akachomoa waya wa umeme, aghalabu huwa ameiua kazi iliyokuwa bado hai. Diski nayo ikijaa, programu iliyoandikwa kwa uangalifu hutoa onyo. Iliyoandikwa ovyo hujaribu kuandika mahali isipopewa, na mfumo endeshi huisimamisha papo hapo.

Kosa jingine ni kuipa programu kumbukumbu yote kwa matumaini kwamba itakwenda mbio. Photoshop kwa kawaida huwekewa asilimia 70, na kuna sababu: mfumo endeshi ukikosa nafasi yake, nao huanza kuhamia kwenye diski, na kila kitu huzorota.

Lililo bora ni kupunguza kazi yenyewe. Kadi ya mahafali ya sentimita 15 kwa 10, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji nukta 1,772 kwa 1,181, yaani kama milioni 2.1. Kuiandaa kwa picha ya milioni 24 ni kubeba gunia kwa ajili ya kibaba. Picha ipunguzwe mwanzoni, nakala ya asili ikitunzwa pembeni. Kazi ihifadhiwe kwa jina jipya kila baada ya hatua kubwa, na ndipo matabaka yaliyokamilika yaunganishwe.

Si kila ajali hutokana na kumbukumbu. Programu ikijifunga kwa hatua ile ile hata kwa picha ndogo ya nukta 500 kwa 500, sababu itafutwe kwingine, kama vile katika programu inayoendesha kadi ya michoro.

Darasani, wanafunzi waunde kwa GIMP picha tupu ya nukta 2,000 kwa 2,000 na kusoma, katika sifa za picha, ukubwa wake ndani ya kumbukumbu. Kabla ya kuunda nyingine ya 4,000 kwa 4,000, kila mmoja aandike atakachotarajia. Kisha picha nzima ipakwe rangi, na nafasi iliyochukuliwa na hatua za kutangulia isomwe. Halafu uchorwe mstari mfupi tu, isomwe tena. Mwalimu awaulize kwa nini mstari huo umeongeza kidogo mno, na vigae vinahusikaje.