Wajue Mende wa Nyumbani Mwako

Wakulima wengi wa Thika na Ruiru husema, "Mende ni mende." Sivyo. Wako wa namna mbalimbali, na kila namna ina maficho yake. Asiyejua tofauti zao hupoteza fedha kwa kunyunyiza dawa wasipokaa.

Kamata mmoja, umtazame mgongoni. Nyuma ya kichwa pana kigamba kama ngao. Anzia hapo.

1. Periplaneta. Ni mkubwa, kama sentimita 4, rangi ya hudhurungi nyekundu. Ngao ina ukingo wa manjano. Mwaka 1758 mtaalamu Linnaeus alimpa jina la Marekani, lakini asili yake ni Afrika. Hupenda vyoo na mifereji.

2. Blattella. Hapati sentimita 2. Ngao ina mistari miwili myeusi ya kwenda urefu. Asili yake ni Asia. Hukaa jikoni penye joto na maji. Jike hubeba kifuko cha mayai mpaka yakaribie kuanguliwa.

3. Supella. Ni mdogo vilevile, naye ni wa Afrika. Ngao haina mistari hiyo, bali mikanda miwili hafifu hukata mgongo kwa upana. Hukaa pakavu: kabatini, nyuma ya picha, hata ndani ya redio. Hubandika mayai yake hapo hapo, yatafute uyaponde.

Basi tambua kwanza, kisha ziba nyufa, funika unga na kausha maji. Usinyunyize kamwe dawa ya kahawa ndani ya nyumba: yaweza kuwadhuru watoto kuliko mende.