Dada, Binti wa Shangazi Yangu Hachezi, Anakula Tu

Mdogo wangu wa Minneapolis, barua yako imefika, na hasira zako nazo zimefika zikiwa za moto.

Kwa wasomaji wengine, niwaeleze kwanza mchezo wenyewe. Mnakaa mezani watu wanne, watano, sita. Mmoja ndiye msimulizi: anawaambia mko wapi, kwenye pango, sokoni, au mlangoni kwa zimwi. Kila mchezaji ana mhusika wake, sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Palipo na shaka, linarushwa dadu, mara nyingi lile la pande 20. Mshindi hakuna, na hadithi moja inaweza kuwachukua miezi. Unaojulikana kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974.

Sasa mwenzetu huyu ndiye msimulizi wa wachezaji wanne, kila Jumamosi. Wa kwanza ameandika kurasa nane za maisha ya mhusika wake, kuanzia kwa babu zake, na kitabu cha kanuni amekimeza chote. Wa pili hana neno. Wa tatu ni binti wa shangazi yake, aliyefika Marekani majuzi kutoka Tanga: anakuja mapema, anasaidia kukaanga sambusa, anakaa, anacheka, akiambiwa arushe dadu anarusha, basi. Wa nne huja leo, wiki mbili haonekani, na akija macho yake yapo kwenye simu. Mwenzetu anauliza afanye nini ili wote wacheze kwa moyo mmoja.

Hawatacheza kwa moyo mmoja, mdogo wangu. Kwenye harusi zetu yuko anayecheza chakacha mpaka kanga inalowa jasho, na yuko aliyeketi jamvini anatazama na kupiga makofi, na sijaona mama wa bwana harusi akimfuata huyo wa pili kumwambia hakuhudhuria. Kushiriki kuna viwango. Kazi yako ni kujua nani yuko kwenye kiwango chake kwa raha, na nani yupo pale kwa sababu amekwama.

Na kama unadhani zamani wachezaji walikuwa wanafuata mstari, sikiliza kilichotokea hukohuko uliko. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika miji yenu pacha ya Minneapolis na Saint Paul, kijana aitwaye David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya enzi za Napoleon. Badala ya kumpa kila mtu jeshi, wengine akawapa vyeo vya mjini: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu. Mpango ukamvurugikia. Wachezaji waliondoka mezani, wakawa wananong'onezana pembeni na kupanga njama ambazo yeye hakuziandaa. Wesely akaona shughuli imeharibika. Wenzake wakamwomba aandae mwingine! Arneson alikuwa miongoni mwa waliocheza michezo hiyo, na humo ndimo ulimochipuka Dungeons & Dragons.

Turudi kwa binti wa shangazi. Mwaka 2002 mwandishi wa Kanada, Robin Laws, alitoa kijitabu cha kuwasaidia wasimulizi, akawagawa wachezaji kwa kile wanachokifuata mezani: anayetaka mhusika wake azidi kupata nguvu, anayetaka mapigano tu, mpanga mikakati, mpenda hadithi. Akamtaja pia yule aliyekuja kukaa na wenzake, mchezo baadaye. Huyo, anashauri, usimburute mbele. Naungana naye. Mtu anayekuja kila wiki, tena mapema, tena na mikono ya kukaanga sambusa, ameshakuambia kwa vitendo kwamba anapenda kuwepo.

Ila kwako nina shaka moja, na ni kubwa. Mnacheza kwa Kiingereza, cha haraka haraka, kilichojaa utani wa filamu ambazo yeye hajazitazama. Mpaka apange sentensi yake, mwenye kurasa nane ameshaua majini matatu. Huo unaweza kuwa si ukimya wa mtu aliyeridhika. Mtafute mkiwa wawili, jikoni, kabla wengine hawajafika, umuulize kwa Kiswahili: unafurahia kukaa hivi, au kuna unachotaka kufanya hupati nafasi? Mezani usimuulize kamwe. Ukimuuliza mbele ya watu atasema "mimi niko sawa", na wewe utaamini.

Akisema anataka nafasi, mruhusu aseme kwa Kiswahili kile mhusika wake anachofanya, wewe uwaambie wenzake. Zimwi halitajali. Na asidhani ni lazima aigize sauti. Kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons cha mwaka 2014 chenyewe kinakubali njia zote mbili: kusema kama mhusika, au kueleza tu kwamba mhusika wangu anafanya hivi. "Anajificha nyuma ya pipa" ni mchezo kamili.

Halafu angalia unavyouliza. "Unafanya nini?" ni swali pana mno kwa mtu mwenye haya. Mpe njia mbili: "Mlango unavunjwa. Unauegemea, au unakimbilia dirishani?" Atajibu kwa neno moja, na hilo neno moja likibadilisha jambo kwenye hadithi, safari ijayo atakuwa na mawili. Likikosa kubadilisha chochote, atarudi kwenye sambusa, na atakuwa na haki.

Mpe na kazi ya mikono kama ataipenda. Toleo la mchezo huohuo la mwaka 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay lilikuwa na kazi mbili ambazo siku hizi makundi mengi yamezisahau: msemaji, anayemfikishia msimulizi uamuzi wa kundi, na mchora ramani. Mchora ramani anaweza asizungumze jioni nzima, na bado bila yeye hamtoki pangoni. Mimi ningeanza na penseli.

Wa kurasa nane sasa. Barua yako imemsifu, na mimi hapo ndipo nilipokunja uso. Umesema anawakumbusha wenzake kanuni, anawashauri warushe nini, na mara nyingine anajibu kabla ya aliyeulizwa. Jamani! Huyo anacheza wahusika wanne. Hana nia mbaya, ana mapenzi mengi na pengine ametazama sana Critical Role, ile ya waigizaji wa sauti wa Marekani wanaoonyesha michezo yao kwenye intaneti tangu 2015. Wale kuigiza ndiyo kazi yao. Mpe yeye kitabu cha kanuni akitunze, afungue akiombwa. Mpe na daftari la kumbukumbu, awe anawasomea mlipoishia. Ila zamu ya kujibu iende kwa kuzunguka meza, na mara nyingi aanze mwingine.

Na wewe mwenyewe, dada yako nina neno. Umeandika kwamba unakesha Ijumaa ukiandaa, halafu "hawathamini". Pole. Lakini hawakukutuma ukeshe. Ukiandaa nusu ya hapo, ukimya wa mtu mmoja hautakuuma hivyo. Wiki moja pumzika kabisa, mcheze Fiasco ya Jason Morningstar, ya mwaka 2009: haina msimulizi na inamalizika jioni hiyohiyo. Utawaona wenzako ukiwa umekaa upande wao wa meza.

Amebaki wa simu. Huyu simweki fungu moja na mwenye haya, kwa sababu asipokuja wengine wanasubiri, na akija akiwa hayupo mnarudia kila kitu mara mbili. Inawezekana anafanya kazi za zamu, inawezekana mchezo umemchosha anaona aibu kusema. Usimfanyie kesi. Punguza tu hasara ya kutokuwepo kwake. Msimulizi mmoja, Ben Robbins, aliwahi kuendesha hadithi ndefu ya vikao vingi aliyoiita West Marches, ambamo hapakuwa na kundi la kudumu: waliopatikana siku hiyo ndio waliotoka kwenda msituni, na mwisho wa kikao wanarudi mjini. Nawe maliza kila Jumamosi mahali salama, ili asiyekuja wiki ijayo asiwaache wenzake wakining'inia kwenye kamba.

Kisha mwandikie yeye peke yake, si kwenye kundi la WhatsApp: "Kuanzia wiki hii tunaanza saa nane mchana. Wakitimia watatu tunacheza. Ukiweza njoo, usipoweza nijulishe kufikia Alhamisi. Ukitaka kupumzika kabisa, niambie tu, na sambusa utaendelea kula."