Joomla: Neno Letu Katika Kazi ya Wengi

Wengi wenu mwajua kwamba siku hizi mtu atakaye kutengeneza tovuti haanzi kuandika yote mwenyewe tangu mwanzo. Huchukua programu iliyokwisha kutengenezwa, nayo humpa mahali pa kuandika makala, pa kuweka picha na pa kupanga kurasa. Mojawapo ya programu hizo ni Joomla. Litamkeni jina hilo polepole nanyi mtalisikia neno letu "jumla", limeandikwa tu kwa namna ya Waingereza. Wenye programu walilichagua kwa makusudi mwaka 2005, kwa maana ya "wote pamoja". Sisi tulilipata neno hili kwa Waarabu, na mara nyingi twalitumia katika hesabu na dukani, kwa bei ya jumla na ya rejareja.

Kwa nini walihitaji jina jipya? Hapo kwanza palikuwa na programu nyingine iitwayo Mambo (msicheke, ndivyo ilivyoitwa). Ilianzishwa na kampuni ya Miro ya Australia, na watu wengi wa nchi mbalimbali wakaja kuisaidia bila mshahara. Mwaka 2005 likaundwa shirika la kuisimamia, nao waandishi wa programu wakaona kwamba limeundwa bila shauri lao. Mwezi wa Agosti wakaondoka kwa pamoja. Hawakuiba kitu, maana Mambo ilikuwa chini ya leseni iitwayo GPL. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote kuichukua programu, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, mradi wale atakaowagawia nao wapate ruhusa ileile. Basi wakachukua maandishi yaleyale, wakayapa jina la Joomla, na toleo la kwanza likatoka Septemba mwaka uleule. Kampuni ilibaki na jina la Mambo, lakini watumiaji wengi waliwafuata wale waliokuwa wakiwajibu maswali. Baada ya miaka michache Mambo ikanyamaza.

Sisi wa Kigali twaielewa kazi ya namna hiyo. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi tunakwenda umuganda, mmoja na jembe, mwingine na panga, na mfereji unachimbwa. Tofauti ni hii, kwamba asiyefika umuganda aweza kutozwa faini. Katika Joomla hakuna faini. Mtu aweza kula matunda miaka kumi bila kupanda mche, wala hapana atakayemwuliza.

Sasa tutazame jinsi mtu anavyoingia katika kazi hiyo. Tuseme kijana wa Gisimenti, kule Remera, ameombwa na mwenye mkahawa amtengenezee tovuti. Anaiweka Joomla 5 kwenye seva ya kukodi, nayo inakataa. Anawaandikia wenzake wa Joomla: "Tovuti yangu imekufa, nisaidieni upesi." Siku mbili zapita, hajibiwi. Asikasirike. Yule anayesoma swali lake pengine yuko Ujerumani au Brazil, amerudi kutoka kazini, ana nusu saa tu ya kuwapa wengine. Atamsaidiaje mtu asiyesema anaumwa wapi?

Na aandike hivi: "Ninaweka Joomla 5. Seva yangu ina PHP 7.4. Kazi inasimama mwanzoni kabisa, na maneno yanayotokea ni haya," kisha ayanakili maneno yale yote kama yalivyo, bila kuyafupisha. (PHP ndiyo lugha ya kompyuta iliyotumika kuandikia Joomla.) Hapo jibu litakuja upesi: Joomla 5 yataka PHP 8.1 au zaidi, mwombe mwenye seva akubadilishie. Kazi ya dakika tano! Lakini asithubutu kuandika nenosiri lake mbele ya watu, wala kuonyesha picha ya kioo ambayo nenosiri limo ndani yake. Naona vijana wengi wajanja sana katika mengine wakijisahau hapo.

Akiisha kufanikiwa, arudi aseme ni dawa gani iliyomponya. Wengi hawarudi. Nao hawajui kwamba mwakani kijana wa Bukavu au Tabora atapata shida ileile, atatafuta, na atakuta swali lisilo na jibu.

Asiyejua kuandika programu naye ana kazi. Aweza kujaribu toleo jipya kabla halijatoka na kueleza hitilafu alizoziona. Na aweza kutafsiri. Wenye Joomla wamezoea kuyapa matoleo yao majina ya Kiswahili. Tarehe 17 Agosti 2021 yalitoka mawili siku moja: 3.10 liitwalo Daraja, la kuwavusha watu kutoka la tatu kwenda la nne, na 4.0 liitwalo Furaha. Baadaye likaja Kuamsha, kisha Uaminifu. Yapendeza sana. Lakini jina la mlangoni halitafsiri maneno yaliyomo nyumbani. Hayo hutafsiriwa moja moja, na kila toleo huleta mengine. Hapa Rwanda, ambako Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, twaweza kuishika kazi hiyo kama watu wa pwani. Nanyi mliokwisha kuacha shule, mlio maofisini na wenye biashara, mnayajua maneno ya kazi kuliko sisi.

Si kazi nyepesi. Rudini kwa kijana wetu wa Gisimenti. Juu ya ukurasa wake pana orodha ya sehemu za tovuti, na watu huiita "menyu". Ndani ya orodha hiyo mwenye mkahawa anataka sehemu ya vyakula na bei zake, nayo pia ni "menyu". Mteja atabofya ipi? Mimi ningeiita ile ya kwanza "orodha kuu", ingawa sijaridhika nalo. Mwenye neno bora na alipeleke kwa mhariri kabla shule haijafungwa.